Kabla Hawajakuswalia, Baba Zuhura

Baba Zuhura, popote ulipo,

Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanakuswalia ghaibu. Dada yako Mwanaidi alikuja jana na nguo nyeupe ndani ya mkoba na maneno mengi mdomoni, akaniambia nijitayarishe kukaa eda kama mwanamke mwenye akili zake. Nikamjibu kwamba mwanamke mwenye akili zake hakai eda ya mtu ambaye maiti yake haijaonekana. Alinitazama hata nikaona haya, halafu akalia. Wifi yangu huyu hajawahi kulia mbele yangu, wewe wajua, hata siku tulipomzika mama yenu. Aliacha mkoba wake juu ya kiti, akasema nikiwa tayari nimwite yeye, asiwe mtu mwingine. Sikuufungua. Tangu upotee watu wananiita mjane, na kila anayeniita hivyo namkatisha palepale.

Wakumbuka siku uliyoileta ile baiskeli ya pili? Ulikuwa umekwisha kumwachia mkweo duka la baiskeli, nami nikadhani sasa utatulia barazani ucheze bao na wenzio. Wapi! Nikakuona unaikokota baiskeli ya kike, nyekundu, ina kikapu mbele, ukaniambia nipande tukatembee. Nikakuuliza nani kakuroga. Mwanamke wa umri wangu, buibui limejaa upepo, mtaa mzima umetoka kutazama! Mwanaidi alisema tunautia ukoo aibu. Ukamwambia kwa upole kwamba kama anataka na yeye, dukani zimebaki.

Ulinifundisha pale Kaole, maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu. Nilianguka, ukacheka mpaka ukakaa chini, nami nikakununia njia nzima ya kurudi. Lakini wiki iliyofuata nilikuwa wa kwanza kuitoa baiskeli uani. Tukaanza kwenda Zinga kwa njia za ndani, katikati ya mikorosho, tukisimama kila tunapotaka, dafu hapa, maongezi kule, bila haraka na bila shughuli yoyote ya maana. Ulitangulia wewe, ukiwapigia kuku kengele kana kwamba ni magari. Miaka yote ya ndoa ulikuwa mtu wa mizigo na wateja, nikakupata uzeeni. Nilifurahi, Baba Zuhura. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ungeringa.

Kisha ukaigundua njia ya mto. Ulirudi siku hiyo umechangamka, ukasema kule kando ya Ruvu, mashambani kwa wakulima wa mpunga, kuna njia tambarare kama sakafu, baiskeli inakwenda yenyewe. Ni kweli ilikwenda yenyewe. Mimi ule mto sikuupenda tangu siku ya kwanza. Maji yake ni mazito, yanapita bila sauti, na ukisimama kuyatazama unahisi nayo yanakutazama. Nilikwambia. Ukasema ni kwa sababu nimezaliwa ufukweni, nimezoea maji yenye kelele.

Tulifanya kituo pale ukingo unaposhuka taratibu. Kila Jumamosi ilikuwa palepale, tena wakati uleule, alasiri, kwa kuwa wewe na sala ya mwanzo wa wakati hamkuachana. Maji ya kunywa tulibeba. Ya kutawadha ukasema ya nini kubeba na mto huu hapa umejaa. Ulishuka wewe kwanza, kisha ukanishika mkono nisiteleze, nikashuka mimi. Ng'ambo wanawake walikuwa wakichota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, wamesimama mbali na ukingo. Tukasema uvivu huo, hata kuinama hawataki. Wakituona waliacha kuchota, wakainua mikono yote miwili na kupaza sauti, upepo ukaipeleka huko. Sisi watu wa mjini, tuliofunzwa kuitikia kila salamu, tukawapungia. Wewe ulifika mpaka kuweka mkono kifuani.

Mvua za masika zilipopita, njia ilikuwa nyembamba. Vipande vya ukingo vilikuwa vimeporomoka usiku usiku, na wakulima walikuwa wamevisogeza vibanda vyao nyuma. Mbwa wa kijijini aliyezoea kutufuata mpaka kituoni kwetu alianza kukomea mbali, anazunguka, analia kwa sauti ndogo. Nilikuuliza kama hukuona. Uliona. Ukasema mto una mambo yake, sisi tunapita tu, halafu ukavua kofia ukaenda kutawadha.

Ile Jumamosi mimi nilikuwa Zinga, kwenye akika ya mtoto wa mdogo wangu. Ulinisindikiza mpaka barabarani, ukaniambia nikuletee nyama, nisikusahau. Nilileta. Ilikaa kwenye bakuli mpaka magharibi ikapita na isha ikapita, na asubuhi vijana wakaenda kule. Walikuta baiskeli imesimama kwa stendi yake. Kofia umeitundika kwenye usukani. Ndala zako ziko ukingoni, moja kando ya nyingine, zimepangwa vizuri kama mlangoni mwa msikiti. Basi. Mitumbwi ilipanda na kushuka kwa siku kadhaa, wavuvi wakachokoa kwa miti chini ya matete, hakikupatikana hata kifungo cha shati.

Na hapo mji ukaanza kusema. Nikasikia una mke mdogo Miono, kwamba ndala na kofia ni ujanja wako wa kunitoroka. Wallahi, Baba Zuhura, niliupenda umbeya ule kuliko dua zote nilizoombewa. Usiku nilikuwa nalala nao. Nilikuona umekaa kwenye mkeka wa mwanamke mwingine, unakula ugali wake, una afya, na nikamshukuru Mungu. Mwisho nikafunga safari nikaenda Miono mwenyewe kumtafuta huyo mke mwenzangu. Niliuliza sokoni, nikauliza msikitini. Watu walinionea huruma, mwanamke mzima anamwomba Mungu aonyeshwe mke mwenza. Hakuna aliyekujua. Nilirudi nikiwa nimekukasirikia kwa kutonisaliti.

Zuhura yeye ameshakubali. Juzi alinipigia simu kutoka Dar, alikokwenda kwa shughuli za duka, akaniambia, "Mama, baba hawezi kukaa hivi, si hai si maiti. Mwache aombewe." Nikamkatia simu. Shehe naye alikuja, akanieleza taratibu kwamba dalili zimetosha, na eda yangu itaanza kwa hukumu hiyo, moyo wangu ukubali usikubali. Nikamwambia moyo wangu haujaletewa dalili yoyote ila ndala.

Kwa hiyo leo adhuhuri nimeitoa ile baiskeli nyekundu nikaenda mwenyewe. Nilijua nikishaingia eda sitatoka mlangoni kwa miezi, na nilitaka nikutafute mara moja bila watu, bila mitumbwi na makelele. Njia nzima nilikuwa nakusemesha. Nilifika nikaisimamisha palepale ulipoisimamisha yako. Nikavua viatu. Nilitaka nitawadhe kama ulivyotawadha, nione kama nitajua.

Nilikuwa nimeanza kushuka niliposhikwa buibui kwa nyuma nikavutwa. Ni mwanamke wa makamo yangu, aliyekuwa shambani akifukuza ndege kwenye mpunga, kombeo lake bado limo mkononi, amekimbia hata hapumui. Alikuwa mmoja wa wale wa ng'ambo, amevuka kuja kufanya kibarua upande huu. Hakunisalimu. Alinirudisha mpaka penye majani makavu ndipo akaniachia.

"Sisi hatuchoti mahali pamoja siku mbili," alisema. "Mamba anajifunza mtu. Anajifunza saa yake na anapokanyaga. Nyinyi mlikuja saa ileile, mkashuka palepale."

Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia inatoka kwa mtu mwingine, kwa nini hawakutuambia. Akaitazama ardhi.

"Tuliwaambia, dada. Kila mlipokuja tuliwaambia. Mkatupungia mkono."

Msikiti wa kijijini ukaadhini alasiri, kwa mbali, na yule mwanamke akanigusa bega akaninyooshea kidole majini. Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaona maji yanagawanyika katikati ya mto, polepole, bila povu, kitu cheusi kinakata moja kwa moja kuja pale ukingo unaposhuka. Hakikuwa na wasiwasi. Kilifika, kikazama kidogo, kikatulia chini ya mahali ambapo dakika chache kabla nilikuwa nimeuweka mguu. Mwanamke akaninong'oneza kwamba hakosi, kila alasiri huja, tangu Jumamosi ile mpaka leo, na kwamba sisi tulikuwa wawili.

Wawili, Baba Zuhura. Amekwisha kumpata mmoja na anajua kuna mwingine. Nimekwenda kukutafuta wewe, kumbe pale ninasubiriwa mimi.

Nilitayamamu kwa vumbi la shambani nikaswali mbali na maji, yule mwanamke amesimama nyuma yangu ananilinda, yeye na kombeo lake la ndege. Kwenye sijda ndipo nilipokulilia. Sikulia hapo mwanzo, nilikuwa nangoja uthibitisho kama hakimu; nimelia leo, kwa sauti, mdomo juu ya udongo. Sikupanda baiskeli kurudi. Niliikokota mpaka barabara kuu, na kila upepo ulipovuma kwenye matete niligeuka.

Nimemwita Mwanaidi. Amekuja, ameukuta mkoba palepale juu ya kiti. Nimemwambia aufungue. Kesho nitakaa ndani nikiwasikia watu wanarudi kutoka msikitini walikokuswalia, nami nitasema amina, neno nililolikataa muda wote huu. Baiskeli nimemwambia mkweo aifunge ghalani na ufunguo asinipe, hata nikiuomba.

Mungu akurehemu, mwenzangu. Akupe wepesi wa kule uliko, na akusamehe ubishi wako, maana mimi nimeusamehe. Tumetembea vizuri. Nitakufuata, sote tunaelekea huko huko, lakini si kwa njia ile, na si kwa saa aliyoniwekea yule. Na iwapo alasiri utasikia yule wa majini ananiita kwa sauti yako, mwambie nimeshakuzika.

Mjane wako,
Mama Zuhura