Suruali Uliyonitumia kwa Arusi ya Mamy

Ngungu, tarehe 14 Septemba

Kwa kaka yangu mpendwa Hilaire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama Francine na wote wa nyumbani kule Walikale. Je, kikohozi kimekuachia? Sisi tuko wazima. Viazi vimetoa vizuri, na mvua inatunyeshea kila mchana bila haya.

Ujumbe wako umenifikia. Umeona picha ya arusi ya binti yangu, ukaniuliza, "Mudogo yangu, ile njo suruali nilikutumia?" Hapana, kaka. Koti ni lako. Chini ni kitu kingine, na nikueleze kabla hujakasirika zaidi.

Unajua pikipiki iliponibwaga mwezi wa pili, madaktari walinitia vyuma mguuni, vikachomoza nje ya ngozi. Suruali gani ingepita hapo? Nyumbani nilifunga kitenge cha mke wangu Geneviève, nikaapa kwamba siku ya arusi nitabaki ndani. Mamy akasema neno moja tu: "Papa, kama hauingie, na miye siingie mu kanisa." Nililia, kaka, nisikufiche.

Ndipo mke wangu akaleta kutoka soko la friperi, kule kwenye nguo za mitumba, sketi nzito ya sufu, ya miraba myekundu na kijani, yenye marinda. Nilidhani amechoka nami. Padre Sébastien alipoiona akasema ni kilti, vazi la heshima la wanaume wa Uskoti. Namna ya kuivaa hatukumuuliza, tukajifanya tunajua. Nikaifunga chini, pale pa mkanda, marinda mbele. Kwenye mazoezi ya kwaya ikateleza mpaka kwenye vyuma, ikaning'inia hapo. Wimbo haukumalizika siku ile.

Padre akatufundisha, huku akijifuta machozi ya kicheko. Inafungwa juu, kwenye kitovu. Marinda yanakaa nyuma, mbele panabaki bapa, na upindo unaishia katikati ya goti. Wenyewe hupima wakiwa wamepiga magoti, jambo ambalo nisingeweza, basi Geneviève akafunga jiwe kwenye uzi, akaushusha kutoka kitovuni hadi goti langu zima. Akapunguza upana vidole vinne. Kabla ya kushona vifungo alinilazimisha nile sahani nzima ya bugali, nikae, nisimame, nikae tena.

Kanisani nilitembea na mkongojo mkono mmoja, Mamy mkono wa pili. Mapaja yana joto, miguu ina nafasi, hakuna kinachobana. Byukusenge, yule jirani mwenye mdomo, alikuja baadaye kuuliza kwa sauti ya chini zinapatikana wapi.

Sasa, kaka, jambo ambalo hata Geneviève sijamwambia. Vyuma vilitolewa siku tisa kabla ya arusi. Niliwaambia wote kwamba suruali bado inaniumiza kwenye makovu. Si kweli. Niliijaribu yako mlango ukiwa umefungwa, ikanienea vizuri kabisa. Nikaivua. Mke wangu alikuwa ameshona kwa furaha ambayo sikuiona usoni pake tangu nianguke, na mimi, nisikudanganye, nilikuwa nimenogewa. Hata sasa nakuandikia nimeivaa.

Usinichukie. Baba yetu siku za ngoma alivaa sketi ya majani, nawe ulitembea nyuma yake ukijivuna.

Suruali nimempa Noël, anayesafiri kuja huko kwenu, akurudishie, haijatoka nje. Ikikubana, chukua uzi na jiwe, unitumie kipimo chako.

Wasalimie watoto wote, na shangazi asinisahau katika sala.

Mdogo wako anayekupenda,
Patient