Bibi Amemsukuma Mtaalamu Mpaka Kabatini

Shoga, uko wapi?

Nimempeleka bibi kupimwa nguvu za miguu. Si unajua mjomba alivyoapa: wakisema miguu dhaifu, bibi anahama chumba chake cha ghorofani leo leo, apende asipende.

Basi huyo mtaalamu, koti limenyooka kama la bwana harusi, akakalia kistuli chake chenye magurudumu. Akashikilia kipimo kwenye muundi wa bibi. "Nisukume kwa nguvu zako zote."

Bibi akasukuma. Mtaalamu akateleza na kistuli chake mpaka kabatini. Shoga, MPAKA KABATINI!

Akasoma namba, akatikisa kichwa. "Misuli imekwisha hii. Pole, mama."

Imekwisha! Na mgongo wake bado uko kabatini!

Mjomba naye, aliyekuja nasi: "Si nilisema?"

Bibi akaniangalia tu. Unanijua, hata fundi akiniharibia nguo namwambia asante. Lakini nikajisikia nasema, "Samahani, kipimo hakisomi vizuri ukirudi nyuma. Egemeza kistuli ukutani, urudie."

Akaegemeza, kanuna. Bibi akasukuma. Bwana harusi akaruka, kashika kifundo cha mkono: "Taratibu, mama!"

Namba hata hakuitaja. Eti, "Yuko sawa kwa umri wake."

Kwa umri wake! Tumesharudi nyumbani, bibi yuko chumbani kwake juu anatuita. Mjomba kakaa katikati ya ngazi, anahema.