Niliitikia kwa Kichwa

Jumanne, Dodoma. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye sahani.

Redio niliyoifanyia kazi miaka mingi imetangaza katika taarifa yake ya saa saba mchana kwamba wastaafu wote wa mkoa huu wana hadi Ijumaa ya wiki ijayo kujitokeza kuhakikiwa. Msomaji aliisoma vizuri, bila kukwama. Habari yenyewe si kweli. Mwisho wa wastaafu ni Ijumaa hii, na asiyefika malipo yake yanasimamishwa.

Chanzo cha kosa hilo ni mimi.

Mimi si mstaafu. Nina miaka arobaini na sita. Mwaka juzi nilipata kiharusi nikiwa chumba cha habari; mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Mkono umerudi nusu. Ulimi haujarudi. Nikiongea, maneno yanatoka yakiburuzwa, na redio haina kazi ya kumpa mtangazaji wa namna hiyo. Jopo la madaktari lilisema hivyo kwa lugha ya upole, na tangu hapo ninaishi kwa pensheni ya ulemavu.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika haraka. Sijawahi kuitamka mbele ya mtu.

Niliwahi kukaa studio nikawaeleza wasikilizaji kwamba pensheni hii si sadaka, ni haki ya aliyechangia kutoka kwenye mshahara wake. Nilirudia mara mbili ili aliyechelewa kufungua redio asikose. Nilikuwa naamini nilichosema. Bado naamini, kwa watu wengine.

Hapa mtaani kwetu, Chang'ombe, mwenye duka la jirani akiniona narudi na mkoba jioni huniambia, "Pole na kazi, mama." Namjibu ahsante. Mkoba una dawa na chupa ya maji.

Asubuhi ya leo nilikwenda kuhakikiwa. Ofisini kuna foleni mbili. Ya wastaafu iko mbele ya jengo. Yetu iko nyuma, chini ya bati, karibu na jenereta, na hakuna kibao kinachosema sisi ni akina nani. Nilivaa barakoa na ushungi nikauvuta hadi kwenye nyusi. Nilijiambia ni kwa ajili ya vumbi.

Mbele yangu alikaa Mzee Ndahani wa Mvumi, fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa walipokuwa wanajenga maofisi kule Mtumba. Nyonga yake haikuunga sawasawa, kwa hiyo alikaa upande mmoja wa benchi kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Ndipo akaja Neema na kipaza sauti.

Neema ni mwandishi wa redio yetu. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha pia kwamba miezi hii ya upepo usirekodi mtu uwanjani, tafuta nyuma ya jengo. Leo alifanya hivyo hasa. Aliikwepa foleni ya mbele kwa sababu ya upepo, akaja kwetu.

"Shikamooni wazee wangu," alisema, akamwinamia Mzee Ndahani. "Baba, wewe ni mstaafu?"

"Mstaafu, mwanangu."

Mama wa magongo aliyefuata nyuma yangu alijibu hivyohivyo kabla hajaulizwa. Kisha Neema akanitazama. Hakunijua. Nimekonda, na hakuna anayemtafuta mkuu wake wa zamani kwenye foleni ile.

"Na wewe mama, mstaafu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kichwa hakihitaji ulimi, ndiyo maana nilikitumia. Ningefungua mdomo, angeijua sauti, au mbaya zaidi, asingeijua.

Muda si mrefu ofisa akatokea mlango wa nyuma akasema kwa sauti, "Ninyi wa foleni hii msisukumane, mna hadi Ijumaa ya wiki ijayo." Alikuwa anasema nasi wa ulemavu, maana sisi tunapita kwa daktari kwanza. Neema alirekodi, akashukuru, akaondoka mbio kuwahi taarifa ya mchana. Alikuwa ameuliza watu watatu, na wote watatu walimwambia ni wastaafu. Bado alipaswa kumuuliza ofisa. Kwa hilo zamani ningemfokea. Leo sina uso wa kumfokea.

Alipoondoka, Mzee Ndahani alinigeukia.

"Na wewe umestaafu nini, mwanangu? Hata mvi hazijakuota."

"Na wewe, baba?" Nilisema polepole ili yaeleweke.

"Mimi nimestaafu kupanda ngazi."

Foleni ikacheka. Mama wa magongo akasema yeye amestaafu kukimbilia mabasi. Mzee aliusikia ulimi wangu, nadhani, kwa sababu alishusha sauti yake pia.

"Kule kwetu wanajua nalipwa kwa kuwa nilijenga," alisema. "Wakijua nalipwa kwa kuwa nilianguka, nitakaa nao vipi kilabuni?"

Nimehoji watu wengi kuhusu pensheni, hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo, na sikuwahi kuliuliza.

Nimelifikiria njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa nadhani kazi ndiyo iliyonipa sababu ya kuamka. Sasa sina hakika. Huenda ilinipa tu cha kujibu nikiulizwa mimi ni nani, na nikaridhika na jibu hilo kwa muda mrefu kiasi cha kutotafuta lingine. Ilipoondoka, nilibaki na fedha za haki yangu na aibu ambayo sijui ni ya nani.

Saa saba nikafungua redio, nikasikia.

Hapa ndipo pana jambo ninalolionea haya kuliko kule kuitikia kwa kichwa. Kabla ya kuwaza juu ya mstaafu wa Kondoa au Mpwapwa atakayeahirisha safari kwa sababu redio imemwambia ana wiki nzima, nilifurahi. Kulikuwa na kosa hewani, na ni mimi pekee niliyelijua. Mwili wote uliamka. Nilisimama, nikatafuta kalamu, nikaanza kuandika masahihisho kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa kazini.

Kisha nikakumbuka kwamba masahihisho yanahitaji chanzo chenye jina, na nikakaa.

Nilikula. Nikaosha vyombo. Nikajiambia watu watasikia kwa njia nyingine, ofisi itabandika tangazo, watoto wao wa mjini watawapigia. Hoja hizo zote nimewahi kuzisikia kwa wahariri wavivu, na sikuwahi kuzikubali.

Nikatuma ujumbe kwenye simu ya chumba cha habari: kuna kosa katika habari ya uhakiki, wastaafu mwisho wao ni Ijumaa hii, waulizeni ofisi. Niliandika jina langu mwishoni, nikalifuta, nikatuma. Hakuna aliyejibu, na nilijua hakuna atakayejibu. Utaratibu wa kutogusa habari kwa ujumbe usio na jina niliuweka mwenyewe.

Kwa hiyo nikapiga. Mtu wa mapokezi ni mgeni, hanijui. Nilipomaliza sentensi ya kwanza alicheka kidogo, bila ubaya.

"Mama, na mvinyo mchana wote huu?"

Nikakata.

Nikapiga tena, kwa sababu taarifa inayofuata ilikuwa ya saa kumi na muda ulikuwa unakwisha. Safari hii nilianza na jina. Ilibidi nilirudie.

"Rukia gani?"

"Aliyekuwa anasoma habari hapo."

Akajibu kwa sauti nyingine kabisa: "Samahani, dada. Samahani sana. Subiri nimwite."

Neema alikuja kwenye simu akihema.

"Dada Rukia, shikamoo."

"Marahaba."

Nikamweleza foleni mbili, kupita kwetu kwa daktari, na ofisa alikuwa anasema na nani. Nilichukua muda mrefu. Hakunikatiza, na hakunimalizia maneno, jambo ambalo watu wote hulifanya siku hizi. Nilipofika kwenye barakoa na ushungi, alielewa.

"Nilikuuliza," alisema. "Ukaitikia."

"Najua."

"Sasa niandike nini, dada? Kwamba chanzo kilinidanganya?"

"Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo juu yako."

"Basi mpigie ofisa kwanza. Uandike anachosema yeye."

Alimpigia. Saa kumi wamesoma masahihisho: sentensi mbili na kuomba radhi, bila kusema kosa lilitoka wapi. Zilikuwa sentensi safi. Lakini masahihisho hayasikilizwi na wote waliosikia kosa. Hilo najua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Mstaafu aliyesikia saa saba ameshazima redio, ameingia shambani na wiki yake nzima ya bure.

Jioni Neema amenipigia tena. Anataka jambo hili lizungumzwe kwenye kipindi cha asubuhi, kirefu, mpaka lieleweke: nani mwisho wake lini, na kwa nini foleni nzima ya watu wa pensheni ya ulemavu ilijiita wastaafu. Anataka niwe mgeni wake.

Nilimwambia amtafute Mzee Ndahani.

"Nimemtafuta. Anasema yeye ni mstaafu."

Nilicheka. Nikamwambia sauti yangu haifai hewani. Watu waliizoea ile nyingine.

"Watashangaa," alisema. "Wakishangaa watasikiliza. Ulinifundisha wewe."

Sikumfundisha hivyo, sidhani. Lakini nimekubali. Nimemwomba aje kurekodi hapa nyumbani, akate panapokwama, kama tunavyowafanyia wageni wote wenye kigugumizi. Amesema hakuna muda wa kukata.

Ni kesho, saa nne asubuhi, moja kwa moja. Dirisha la wastaafu linafungwa Ijumaa alasiri.