Tanga la Watu Wawili

Mama yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata yule rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Tanga dogo nililipenda. Nililipenda pale pale, kabla Kalisa hajamaliza kulikunjua kwenye nyasi. Tangu siku hiyo siwezi kutulia. Nainuka, nachungulia barabarani, narudi kukaa kitandani, nainuka tena. Baba ameniuliza kama nina minyoo.

Ngoja nianze vizuri, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia katikati.

Tanga la boti yetu limekwisha. Baba bado ananipeleka ziwa Muhazi Jumapili moja moja, barabara ikiwa wazi. Yeye anabaki ufukweni na gazeti lake, viatu miguuni, anayaogopa maji vile vile kama zamani. Unakumbuka ulivyokuwa ukimtania? "Mume wangu, baharia wa nchi kavu." Jumapili moja nilitoka peke yangu. Upepo ulikuja kwa nguvu nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, na kamba ikanishinda. Tanga likachanika toka ukingoni hadi katikati, kwa sauti ile ile ya wewe kupasua khanga dukani. Nilirudi kwa kasia. Baba alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na viatu vyake.

Hakunigombeza. Aliminya maji kwenye soksi, akasema tutafute tanga jingine.

Mama, mimi bado naiita boti yetu Sindano, jina uliloipa wewe siku yule mwalimu Mzungu alipokuachia. Ulikuwa umemshonea mapazia, na alipoondoka kwa haraka akasema hana mwingine anayejua kushona tanga hapa Kigali. Alisema kweli. Nani mwingine angekuwa amejifunza kwa baba yake, Kigoma, akiwa bado hajui kusoma? Ukaniweka mbele ya mlingoti, ukanipa kamba. "Mimi usukani, wewe kamba. Basi, kazi imegawanyika." Na mimi ambaye darasani siwezi kunyoosha kidole hata jibu nikilijua, kwenye ile boti niliweza kukupigia kelele: geuza, mama, geuza. Wewe unacheka tu. "Legeza kidogo. Upepo haukuchukii."

Shuleni wananifundisha kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili kilikuwa cha kwako na mimi. Sasa nyumbani hakisemwi, isipokuwa hapa, ninapokuandikia.

Sikulaumu kwa kuondoka. Nilikuwepo kwenye kizuizi cha barabarani siku ile yule askari alipoigeuza karatasi yako juu chini, akakuuliza wewe ni wa wapi, ukajibu, akauliza tena kana kwamba hujajibu. Vita vilikuwa kaskazini, mbali, lakini uso wako ulikuwa umeshabadilika. Ulisema unakwenda kwa bibi, Kigoma, utarudi mambo yakitulia. Zikaja barua mbili. Halafu hakuna. Baba akaifunika cherehani yako kwa shuka, akaipeleka stoo. Akasema ni kwa sababu ya vumbi.

Sasa nirudi kwa Kalisa. Ndiye anayelinda stoo ya boti kule ziwani. Wenye boti wengi wameondoka, wamemwachia auze vifaa vyao. Akatuletea matanga mawili, akayatandika.

"Iko hizi tu. Hii kubwa iko na nguvu, lakini inataka watu wawili. Hii ndogo iko ya mutu mumoja. Ya mademuazeli, wasichana kama weye."

Nikapiga magoti. Nikafanya ulivyonifundisha: nikavuta kitambaa kwa mshazari nione kama kinalegea, nikakiinua juani nitafute matundu, nikanusa.

"Weye mutoto," Kalisa akasema, "unanusa tanga kama nyama ya soko?"

"Muache," Baba akasema. "Ni mambo ya mama yake."

Lile kubwa, kitambaa chake ni kizima, kigumu, kinalia ukikikunja. Ila uzi umeoza kwa jua. Nilipitisha ukucha kwenye mshono ukaachia kama uzi wa buibui. Lile dogo halina kasoro. Ni jeupe, jepesi, mishono yake ni mipya. Nilijiona nikiwa nalo, usukani mkono huu, kamba mkono huu, bila kumhitaji mtu. Mama, nilifurahi. Ndicho ninachokuungamia. Nilifurahi kabisa, halafu nikakukumbuka, nikaliachia kana kwamba limeniunguza.

Kalisa akasema anatungoja mpaka Jumapili ijayo.

Kwenye gari Baba akasema, "Tuchukue lile dogo."

"Lile kubwa ndilo kama la kwanza."

"Linataka watu wawili."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana nasema dogo."

Akabadilisha gia. Nami nilielewa. Hakuwahi kunitamkia kwamba hurudi. Anataka kuninunulia tanga dogo badala ya kutamka.

Wiki nzima nimekuwa nikizunguka. Nikichagua dogo, nakuwa nimekutoa botini kwa mkono wangu mwenyewe. Nikichagua kubwa, pengine litanichanikia tena kwa kukungoja. Na nilikuwa nalitaka lile dogo, nisikudanganye. Hata sasa nalitaka.

Leo mchana, tukiwa mezani, nilisema. Sikumtazama Baba, niliyaambia maharage. "Nataka lile kubwa."

"Uzi wake umeoza. Si wewe uliyeniambia?"

"Nitalishona upya lote. Na katikati nitashonea safu ya vikamba, nikiwa peke yangu nalikunja hapo, linapungua. Mama alinionyesha. Akija nalifungua."

Kijiko chake kikasimama. "Utashona kwa kitu gani? Tanga lile kwa mkono?"

"Kwa cherehani ya mama."

Aliinuka, sahani ikiwa nusu. Nikamsikia anafungua mlango wa nyuma, kisha sikumsikia tena. Nikaja huku chumbani kukuandikia, na kila kitu kikilia nje nausukuma ukurasa chini ya mto. Barua nyingine zote nilizokuandikia ziko humo chini, Mama, zimejikunja. Hajui kama nakuandikia. Naogopa akijua atanihurumia.

Sijui kama utarudi. Ninaandika hivyo kwa mara ya kwanza. Najua tu jinsi ya kukunja tanga bila kulikata.

Sasa anakuja. Ni hatua za Baba, lakini nzito, za pole pole, anapumua kwa kinywa kama mtu aliyebeba chuma. Kuna kitu kinagonga ukuta wa ukumbi. Naujua mlio huo. Ni ule mkono wa cherehani yako, ulikuwa ukigonga vivyo hivyo kila ukiipitisha hapo kwenye kona.

Amefika mlangoni, anaita jina langu nimfungulie, mikono yake imejaa. Ukurasa nauacha hapa hapa kitandani, wazi, apate kuuona.

Binti yako, mshika kamba