Maduhu Jilala, Mwalimu wa Ghalani

Mwaka umetimia, Baba Kwandu, tangu asubuhi ile ulipoanguka ukiwafunga maksai nira. Ulikuwa na miaka hamsini na nane. Daktari alisema ni moyo, nasi hatukuwa na la kumbishia. Tulikuzika, na matanga hayajaisha likaibuka swali moja lililotusumbua kuliko yote: darasa lako la Jumamosi tulifanyeje?

Wasiokujua waelewe kwamba hukuajiriwa ualimu popote. Shule uliiacha darasa la pili, ukapelekwa machungani. Ulikuwa mkulima wa pamba nje kidogo ya Bariadi mjini, mwenye sauti kubwa kwa ng'ombe na ndogo kwa watu. Ulipenda michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na hukuweza kumpita mtu njiani bila kusimama na kumaliza salamu zote, hata kama mvua inakuja.

Tuseme na lile kosa, maana wewe mwenyewe hukulificha. Mwaka ule Kwandu akiwa darasa la kwanza, mimi nikiwa kazini kata nyingine, ulichukua chupa stoo ukapulizia pamba yetu. Jirani yetu Masalu alikuja kuomba dawa, ukampulizia na yeye. Alikuamini. Alisema, "Huyu mke wake ni bwana shamba, atakosea wapi?" Wiki moja baadaye mashamba yote mawili yalikuwa ya njano. Ulisema ni jua. Nikaokota chupa tupu: ilikuwa dawa ya kuua magugu, si ya funza wa vitumba.

Nilikuuliza mbele ya watu, "Hukusoma?" Ukatazama miguu yako.

Miaka tisa ya ndoa, mimi na diploma yangu ya kilimo, sikujua kwamba mume wangu hajui kusoma. Barua zikija ulisema macho yanauma, nikakusomea. Pale shambani nilikusema vibaya. Nilikuomba radhi siku ileile, na leo narudia, kwa sababu wengi walisikia matusi na wachache walisikia radhi.

Hukununa. Ulimpa Masalu lile shamba letu la bondeni ambalo dawa haikulifikia, avune yeye. Kisha ukaketi jikoni na kitabu cha Kwandu ukasema, "Nifundishe. Ila usinipigie kelele kama unavyowapigia wakulima wako." Nilijitahidi. Kwandu ndiye alikuwa na subira zaidi. Ulipofuzu ulitusomea kila kitu kilichoandikwa, hata pakiti ya chumvi mezani, pole pole na kwa heshima, kama Injili.

Ndipo ulipofungua darasa ghalani kwetu. Watu walileta chupa zao za dawa na pakiti za mbegu wakitaka uwasomee, ukakataa. "Soma mwenyewe, ndugu yangu. Mimi nikifa utamwita nani?" Masalu alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi, naye alikutania hadi mwisho: "Mwalimu huyu aliniulia shamba zima ndipo akanifundisha a, e, i, o, u." Ulicheka kuliko wote.

Ulipofariki ilikuwa mwezi wa sita, pamba inatoka shambani. Nilitaka mabenchi yatolewe ghala lirudi kuwa ghala. Sioni aibu kulisema. Pamba ndiyo inayotulisha, na mimi si mtu wa subira. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, wanafunzi wako kumi na tisa walikuja. Nilidhani ni pole, nikaagiza chai. Milembe, yule mjane anayelima mpunga, akanizuia, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hatukuja kulia. Tumekuja kusoma."

"Mwalimu amekufa, Milembe."

"Tunajua. Tulimzika sisi. Wewe si una diploma?"

"Pamba nitaiweka wapi?"

"Una sebule kubwa kuliko kanisa," alisema Masalu kutoka nyuma, na waombolezaji wako wakacheka msibani mwako bila haya.

Shemeji Januarius alisimama upande wangu. Alisema mabenchi hayaliwi. Milembe hakubishana naye. Alimwomba atembee naye hadi dukani kwao, nami nikafuata. Baba Kwandu, lile duka la pembejeo nilikuwa nalipita kila siku nikienda kazini bila kuingia. Zamani mtu alikwenda hadi mjini, akachukua chupa yoyote aliyopewa, akarudi akiomba Mungu. Sasa wanawake wanane wa darasani kwako wanauza dawa wanazozisoma, na wanamwambia mnunuzi kipimo chake. Faida ya mwaka ule walikuwa wameigawa sehemu mbili, nusu yao, na nusu madawati ya shule ya msingi. Milembe akamwambia Januarius kwamba mtoto wake mwenyewe anakalia dawati mojawapo. Alikohoa, akarudi nyumbani, akaanza kuhamisha magunia.

Kwa hiyo fahamu: mabenchi yapo. Masalu anafundisha wanaoanza, mimi nafundisha waliokwisha kujua kusoma, na nimeambiwa nipunguze sauti. Masalu msimu huu amepeleka pamba safi tupu, hakuna fifi, ile chafu ya daraja la pili, hata gunia moja. Magunia yetu yamelala sebuleni mwaka wa pili sasa, tunayaruka tukienda kula. Maksai wako wanalimishwa na Januarius. Wanamsumbua, maana hajui kuwapigia mluzi kama wewe.

Misa ya kukukumbuka itasomwa kigangoni Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katekista alipendekeza saa nne ili watu wa mbali wawahi. Tumemwambia haiwezekani, saa nne kuna darasa. Wa mbali walale kwetu, wasiogope magunia.

Unakumbukwa na mimi mkeo Felisita. Watoto wako Kwandu, muuguzi huko Mwanhuzi, na Keneth, fundi umeme huko Lamadi. Mdogo wako Januarius. Dada yako Nyanjige. Wajukuu zako wawili. Jirani yako Masalu, na wanafunzi wako, ambao sasa ni ishirini na sita.

Hatujakusahau, Baba Kwandu, na hatuna mpango wa kukusahau.