Komando na Sahihi ya Pili

"Bastola ilikuwa tupu!"

Mwenzangu, hivyo ndivyo jirani yetu Komando alivyokuwa anamfokea dada yangu getini sasa hivi, mtaa mzima umetoa vichwa madirishani. Dada akamjibu, "Tupu? Na chupa yangu ya chai imetobolewa na mende?"

Asubuhi walikuwa uwanja wa shabaha. Bendera nyekundu ya kusimamisha kufyatua imeshapanda, kila mtu aweke silaha mezani. Komando akageuka nayo mkononi, kidole kwenye kifyatulio: "Jirani, umeona nilivyolenga?" PAA! Risasi ikapita ubavuni kwa dada. Ubavuni, nakwambia! Chai ikamwagikia viatu vyake. Na yule bwana akacheka. AKACHEKA!

Dada hakulia. Amerudi na fomu ya kumnyang'anya kibali cha bastola, ameshatia sahihi, bado ya shahidi mmoja. "Nitakunyoosha mpaka uogope hata manati," akamwambia.

Komando akacheka tena! "Tulikuwa watatu tu pale. Shahidi wako ni mke wangu. Haya, kamwombe!"

Kumbe mkewe yuko mlangoni, mwiko mkononi, anasikia yote. Akaja taratibu. "Baba, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ingempata, ingenipata na mimi. Na wewe ulicheka."

Akachukua kalamu, akaegemeza fomu ukutani, akatia sahihi palepale. Komando hoi, hana hata pa kuweka mikono.

Mama wa watu akamshika dada mkono: "Ingia ndani tule, jirani. Leo nimepakua sahani mbili tu, yangu na yako."