Chambo Kilichokaa Kitako Karaini

Shangazi mpenzi, shikamoo. Malindi nimefika salama, na samaki ninavyowala, naanza kujionea haya.

Mwenyeji wangu Kassim mgongo umemkatalia bahari, sasa anafunga chambo bandia nyumbani: manyoya ya kuku juu ya ndoana, na ndani waya wa risasi ili kizame. Jana nahodha wa boti ya watalii wanaovua aliahidi kupita kukitazama. Akikipenda, Kassim ana kazi. Tukakijaribu kwanza kwenye karai la kufulia. Kikazama mkia mbele.

"Baba Salma, samaki gani huyo anayekaa kitako?" mkewe akauliza. "Anangoja chai?"

Kassim hakucheka. Akakifumua, risasi akaisogeza karibu na kichwa, kiwiliwili akakijenga upya kwa uzi, kinene mbele, chembamba nyuma. Ncha ya ndoana akaiziba kwa kipande cha kandambili, akakivuta tena majini. Safari hii kikainama, kikainuka, kikaenda kama dagaa mwenye haraka zake. Paka wa jirani akaruka, akakinyakua, akakata uzi na kupotelea nyuma ya ukuta.

Kumbe nahodha yuko mlangoni, kaona yote. Alipomaliza kucheka akasema, "Nifungie kama hicho alichoiba paka. Vingi."

Nakukumbuka mno, Shangazi. Jogoo wako mweupe akipukutisha manyoya, usiyafagie. Niwekee, Kassim anayasubiri.

Wako,
Athumani